Nyumba Ambayo Vumbi Halikuingia

Kama hujawahi kumwona mtu mzima amepiga magoti mbele ya bucha, shavu kalilaza kwenye mpira wa mlango, macho kayafumba kama anayesikiliza redio ya chini chini, basi hujakutana na Fundi Baridi. Watu walipita, wakasimama, wakaulizana kama mzee amepatwa na kizunguzungu. Kumbe yuko kazini! Alikuwa anasikiliza kama kuna hewa inayopita.

Kazi yake ilikuwa kujenga na kutengeneza vyumba vya baridi, yale makabati makubwa kama vyumba ambamo wenye bucha huning'iniza nyama, wenye samaki hupanga masanduku yao, na hospitali huhifadhi dawa zisizopatana na joto. Wengi hudhani fundi wa namna hiyo ndiye anayeleta ubaridi. Sivyo. Ubaridi unaletwa na mashine. Yeye kazi yake ni kuuzuia usitoroke. Kila ufa ni adui, kila tundu ni mwizi, na mpira wa mlango ukilegea hata kidogo tu, nyama inanuka na mwenye duka anapandisha sauti mpaka mtaa wa pili.

Alikuwa na kipimo chake. Anachukua kipande cha karatasi, anakibana mlangoni, anafunga, halafu anakivuta. Kikitoka kirahisi, anatikisa kichwa na kufungua mkoba wa vifaa. Kikichanika mkononi, anatabasamu mpaka masikio yanasogea. "Huu sasa ndio mlango," anasema. Hakuna aliyewahi kumkosoa, na miaka ikapita hivyo, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika kabisa. Hata mkewe alimwita Fundi.

Mkewe naye alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa hiyo Fundi alimwita Mwalimu, hata walipokuwa wawili tu mezani. Watoto wao walishakuwa wakubwa na kwenda kujitegemea. Mwalimu alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Tatizo lilikuwa kifua. Alikuwa na pumu. Na hebu fikiria mahali walipokuwa wamepanga: nyuma ya mashine ya kuponda mawe! Mchana kutwa kokoto zinasagwa, vumbi jeupe linapanda angani, linashuka juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria, juu ya kope za macho. Mwalimu akikohoa, anakohoa mpaka anashika ukuta. Kipulizio chake cha dawa kilikaa mfukoni kama simu.

Siku moja alikohoa mbele ya darasa mpaka watoto wakaanza kulia. Alirudi nyumbani hana sauti. Fundi alimtazama akivuta pumzi kwa shida, mabega yanapanda na kushuka kama anayebeba maji, na moyo wake ukakatika.

"Mwalimu," alisema, "nitakujengea nyumba. Humo ndani hata punje moja ya vumbi haitaingia. Utapumua mpaka uchoke kupumua."

Mwalimu alicheka kidogo, akakohoa, akasema, "Wewe jenga tu, Fundi. Kuchoka nitajua mwenyewe."

Kiwanja walikuwa nacho tayari, kando ya barabara ya udongo iliyopitiwa na malori ya mchanga. Malori yale! Likipita moja, nyuma yake unabaki ukuta wa vumbi, huoni hata mkono wako. Mtu mwingine angekata tamaa. Fundi Baridi alisimama mbele ya barabara, mikono kiunoni, akaitazama kama bondia anavyomtazama mwenzake, akasema, "Wewe na mimi tutaonana."

Mwashi aliyepewa kazi ya kujenga alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi na utani usioisha. Kuta zilipanda vizuri. Siku moja Fundi alifika akamkuta mwashi juu ya jukwaa anapanga tofali zenye matundu juu ya dirisha la chumbani, kama nyumba zote za mtaani zilivyo.

"Hizo ni nini?" Fundi aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Matundu ya hewa."

"Toa."

"Nitoe? Baridi, unaumwa?"

"Mimi nimetumia maisha yangu yote kuziba matundu, halafu wewe unanitobolea nyumba ikiwa bado mbichi! Toa, mwashi. Weka tofali nzima."

Mwashi alikuna kichwa kwa ncha ya mwiko. "Sasa hewa itaingilia wapi?"

"Mlangoni. Kama watu wengine."

"Itapiga hodi?"

Vibarua walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo ya zege. Fundi hakucheka. Akamuuliza mwashi matundu yale yana kazi gani hasa. Mwashi akakiri kwamba yeye huyaweka kwa sababu mwashi aliyemfundisha alikuwa akiyaweka. "Unaona!" Fundi alisema kwa ushindi. "Ni mazoea tu." Na tofali zenye matundu zikatolewa, zikapangwa kando ya ukuta, kuku wa jirani wakazigeuza makao.

Baada ya hapo Fundi aliingia kazini mwenyewe, na kazi ile ilitisha. Paa lilipokutana na ukuta alipuliza povu lile la kopo linalovimba na kukauka kama mkate. Madirisha ya upande wa barabara yalikuwa vioo visivyofunguka kabisa. Ya upande mwingine yalifunguka, lakini aliyawekea mpira kuzunguka fremu zote. Milango ya nje ilipata mpira wa chumba cha baridi, ule mnene, na chini kizingiti cha kubana. Waya wa umeme ulipopita ukutani, alipaka silikoni. Alizunguka na karatasi yake, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha, na kila ilipochanika alipiga mluzi.

Wakati huo kule walikopanga, mashine ya kuponda mawe iliongezewa mwenzake. Mbili sasa! Mwalimu akaanza kulala ameketi. Nani angengoja? Walihamia plasta ikiwa bado na rangi ya kijivu cha maji sehemu za chini, rangi ya ukutani ikiwa bado inanuka. Mwashi alisema, "Acheni nyumba ikauke kwanza." Fundi akajibu, "Itakaukia sisi tukiwa ndani." Wakafunga mlango.

Jamani, siku za kwanza zile! Mwalimu alisimama sebuleni, lori likapita nje, na hakusikia kitu. Aliliona tu dirishani, kubwa, linatikisika, vumbi linaruka, kama filamu isiyo na sauti. Akapitisha kidole juu ya meza. Kidole kikabaki safi. Akapitisha tena, kwenye fremu ya dirisha, juu ya redio, nyuma ya mlango. Safi! Macho yalimtoka.

"Fundi, wewe ni mchawi," alisema.

Fundi alivimba kichwa, na nani angemlaumu? Mwalimu alilala usingizi mrefu, akaamka anaimba nyimbo za darasa la kwanza huku anapika chai. Mumewe aliketi anamsikiliza kama mtu anayehesabu mishahara.

Kisha, asubuhi moja ya baridi, Fundi alifungua pazia na kukuta dirisha linatiririka maji. Maji! Kwa ndani! Mvua haikunyesha. Bomba halikupita karibu na hapo. Aligusa kioo, akatazama kidole, akakitia mdomoni kuonja. Hayakuwa na ladha. Alipanda juu ya paa, akatambaa kila bati, hakuna hata msumari uliolegea. Akamlaumu fundi bomba, ambaye alikuja akapasua kona ya bafu, akakuta pakavu, akaondoka amenuna. Kesho yake maji yakawa yale yale, na keshokutwa yakafika kwenye kingo za dirisha na kushuka ukutani.

Fundi alishika tama. Yeye aliyezuia hewa isipenye kwenye milango ya bucha zote za mji, ameshindwa kujua maji yanapita wapi!

Hakufikiri kwamba hayakupita popote. Yalikuwa humo humo. Yalikuwa kwenye plasta mbichi, kwenye mvuke wa maharage, kwenye maji ya kuoga, kwenye pumzi za watu wawili wanaolala usiku kucha wakiwa wamefunga kila kitu. Yalitoka, yakazunguka, yakakosa njia, yakarudi kuketi kwenye kioo cha baridi. Lakini Fundi, katika kazi yake yote, akiona maji mahali yasipotakiwa alijua neno moja tu: kuna tundu. Kwa hiyo akatafuta matundu. Akaongeza silikoni. Akaongeza mpira wa pili juu ya mpira wa kwanza. Akaziba hata tundu la ufunguo la mlango wa nyuma, wakaanza kutumia komeo.

Na kikohozi kikarudi.

Mwanzoni kidogo tu, asubuhi. Kisha jioni pia. Mwalimu alisema labda ni rangi. Kisha akasema labda ni chaki. Hakutaka kusema ni nyumba, maana alimwona mumewe anavyoipapasa milango akipita. Fundi naye akisikia kikohozi anafikiria vumbi tu. Vumbi limepata njia! Anachukua karatasi yake, anazunguka, anaziba. Kila Mwalimu alivyokohoa ndivyo nyumba ilivyozidi kubanwa. Unaweza kuamini? Mtu anampenda mkewe kiasi hicho, na kwa mkono wake mwenyewe anaendelea kukaza.

Jumapili moja akaja dada yake Mwalimu, dada mkubwa, mwanamke mnene mwenye mkufu na ulimi. Kuingia tu, akasimama katikati ya sebule, pua juu.

"Shemeji, hapa kuna harufu ya viatu vya mvua."

"Ni nyumba mpya, shemeji."

"Nyumba mpya inanuka kama soksi kuukuu? Hii mpya ya namna gani?"

Fundi alikuwa amejiandaa. Jana yake alikuwa amefunga feni jikoni, feni kubwa ya kutoa hewa iliyobaki kwenye kazi fulani ya ghala la samaki. Alitaka kuonyesha kwamba mvuke wa kupikia atautoa kwa dakika. "Tazama," alisema, akawasha.

Feni ilinguruma. Mlango wa chumbani ukajibamiza peke yake, pwaa! Pazia likaganda kwenye kioo. Halafu kutoka bafuni ikasikika sauti, glo-glo-glo, kama mtu anasukutua koo. Wote watatu wakageuka. Tundu la maji machafu sakafuni lilikuwa linatoa mapovu! Harufu iliyofuata, masalale, siwezi kuiandika. Dada mkubwa alikimbilia mlango wa nyuma, akasukuma, mlango umeng'ang'ania kama umeshikwa na mtu upande wa pili.

"Nifungulieni! Nyumba inaninyonya!" alipiga kelele.

Fundi alizima feni, mlango ukaachia ghafla, na shemeji yake akaangukia uani juu ya tofali za kuku. Mwalimu alicheka mpaka machozi, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Ilibidi atumie kipulizio mara mbili. Kicheko kikafa midomoni mwa wote.

Fundi alibaki anaitazama feni. Alielewa kwamba feni imetafuta hewa ya kuvuta, ikaikosa, ikaivuta chooni. Hiyo aliielewa upesi, ni mambo ya kazi yake. Na akafanya nini? Akaing'oa feni, akaziba tundu lake kwa bati na povu!

Ilitokea Jumamosi mchana. Fundi alikuwa ametoka kwenda kutazama friji ya duka la maziwa, akarudi amebeba mtindi. Aliita, hakuitikiwa. Pasi ilikuwa imesimama wima, bado ina moto, sufuria la maharage linachemka na mfuniko wake unacheza. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Alimkuta Mwalimu chumbani, ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, midomo imebadilika rangi. Mkononi ana kipulizio. Alimtazama mumewe na hakuweza kutamka neno. Kifuani mwake kulikuwa na mluzi, kama upepo mwembamba kwenye mlango uliolegea.

Mtindi ulianguka. Fundi hakujua alimbebaje, mwenyewe alikuwa mtu mwembamba. Alijikuta uani, kisha nje ya geti, anapiga kelele kuita msaada. Na hapo hapo, kana kwamba limetumwa, lori la mchanga likapita. Vumbi likawafunika wote wawili. Fundi akamkumbatia kichwa mkewe, akakificha kifuani, akilia, "Basi, basi, imekwisha!" Akiwa na hakika kwamba sasa ndiyo mwisho.

Vumbi lilipotulia, Mwalimu alikuwa anakohoa. Lakini anavuta pumzi! Kwa tabu, kwa mluzi, lakini anavuta, na rangi ya midomo inarudi. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, nyumba imekaa safi, inang'aa, haina punje ya vumbi. Fundi alitazama nyumba. Alitazama vumbi mabegani mwa mkewe.

Hospitali walimpa dawa ya kuvuta kwa mashine. Dada mkubwa alifika mbio, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Daktari, msichana mwenye sauti ya taratibu, akaanza kuuliza.

"Nyumbani kuna vumbi, mzee?"

"Hata punje!"

"Moshi?"

"Tunapikia gesi."

"Unyevu?"

Dada mkubwa akadakia, "Daktari, madirisha ya pale yanalia kila asubuhi kama yamefiwa!"

"Na hewa safi inaingilia wapi?"

Swali dogo hivyo. Mwashi alishaliuliza kwa utani. Fundi alifungua mdomo kulijibu, na jibu lilipotoka alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine.

"Haiingii," alisema. "Nimeizuia."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mdogo wangu si paja la ng'ombe, shemeji," dada mkubwa alisema. Safari hii hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nyama unaifungia hivyo. Nyama haivuti pumzi."

Jioni ile Mwalimu aliondoka na dada yake. Mlangoni pa hospitali alimshika mumewe mkono. "Fundi," alisema, anapumzika kila baada ya maneno machache, "najua ulinijengea mimi. Lakini humo ndani sirudi. Kama haiwezi kubadilika, ipangishe. Mimi nitarudi kwenye kokoto."

Kwenye kokoto! Heri angempiga kofi.

Asubuhi Fundi aliingia nyumbani peke yake. Hakujua anatafuta nini. Alitaka kumpelekea nguo mkewe, akafungua kabati, akavuta gauni la bluu alilovaa siku ya mahafali ya wanafunzi wake. Begani lilikuwa na vidoa vya kijivu, vyenye manyoya kama panya mchanga. Akavuta jingine. Na jingine. Akashika kabati kwa mikono miwili, akalisogeza mbali na ukuta.

Lahaula! Ukuta ulikuwa mweusi. Hapakuwa na doa hapa na doa pale, ulikuwa mweusi wote, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kichwa chake, umbo lile lile la kabati, kama kivuli kilichosahaulika pale. Ukungu ulikuwa na nywele. Ulikuwa umemea nyuma ya kichwa cha kitanda pia, upande wa Mwalimu. Kila siku mkewe alikuwa akilala pua ikiwa shubiri chache kutoka kwenye kitu kile, na yeye amelala pembeni, anaota milango.

Akaketi pale sakafuni alipokuwa ameketi mkewe. Nyama, alifikiri. Samaki. Siagi. Dawa za hospitali. Katika maisha yake yote hakuwahi kufunga mlango juu ya kitu kinachopumua. Hakuwahi hata kujiuliza. Alikuwa hodari kupita wote mjini, na chumba chake bora kuliko vyote alimfungia mkewe. Alilia, mzee wa watu, kwa sauti, na kuta zake zilivyokuwa nzuri hakuna jirani aliyesikia.

Mwashi alikuja siku hiyo hiyo. Alipouona ukuta, utani wote ulimwisha. Alivua kofia. "Mungu wangu, Baridi," alisema. "Hili ni pori."

"Nataka kubomoa."

"Chumba?"

"Nyumba."

"Acha wazimu. Keti kwanza."

Waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mwashi alitaka kurudisha matundu yake ya zamani, juu ya kila dirisha, kazi iishe. Fundi akaonyesha kidole nje. Lori lilikuwa linapita, na lile wingu lilikuwa linagonga vioo. "Ukitoboa upande huu," alisema, "umemrudisha kwenye kokoto bila kuhama." Hapo wote wawili wakakwama. Ukiziba, anakosa hewa. Ukitoboa, anakula vumbi.

Fundi ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua tambara, akaliwasha, akalizima likabaki linafuka. Moshi ulipanda wima, ukasimama. Akang'oa lile bati jikoni, akarudisha feni, akaifungia kirekebisho cha kupunguza kasi. Akaiwasha taratibu. Moshi ukasitasita, na bafuni kukaanza tena glo-glo. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, upande wa shamba la majani la jirani, upande ambao lori halijawahi kuufikia, akafungua dirisha la chumbani kiasi cha upana wa kiganja.

Glo-glo ikanyamaza. Moshi wa tambara ukainama, jamani, kama mtu aliyeitwa jina! Ukatoka chumbani, ukapita chini ya mlango, ukavuka sebule, ukaingia jikoni, ukatoka nje. Wale wazee wawili waliufuata kwa magoti, vichwa chini, kama watoto wanaofuata siafu.

"Hewa haikutaka matundu mengi," Fundi alinong'ona. "Inataka kujua iingilie wapi na itokee wapi."

"Na ile mipira yako?"

"Inabaki. Upande wa barabara inabaki yote. Kuhusu vumbi sikukosea."

Wakachora kwa chaki. Hewa iingie nyuma, vyumbani na sebuleni, chini kidogo ya dirisha, kupitia wavu na kitambaa cha kuchujia kinachofuliwa. Milango ya ndani ikatwe chini. Itokee jikoni na bafuni, juu karibu na dari, mahali mvuke unapokimbilia. Mwashi alimkabidhi nyundo na tindo.

Fundi alizishika, akasimama mbele ya ukuta wake, akakaa hivyo. Mkono haukwenda.

"Nikupigie mimi?" mwashi aliuliza.

"Niache."

Pigo la kwanza lilimtoka dhaifu, likakwaruza rangi tu. La pili alifumba macho. Ukuta ulipotoboka na mwanga wa nje ukaingia kama sarafu, hewa ya majani ilimpiga usoni, na alishtuka kwa namna ilivyokuwa tamu. Nyumba ile haikuwahi kunukia majani.

Plasta nyeusi waliichimbua hadi tofali, wakaibeba nje kwa magunia, nyuso wamezifunga vitambaa. Kitanda kilipelekwa uani, godoro likatupwa. Halafu ikaja sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu kama Fundi Baridi: kungoja. Mchana kutwa nyumba ilikuwa wazi mpaka kuta zikauke, na vumbi likaingia linavyotaka, likaketi mezani, juu ya redio, kwenye kope zake. Alilitazama tu. Kila jioni aligusa tofali kwa mgongo wa mkono. Zilipotokwa na ubaridi wa maji, ndipo mwashi akapiga plasta upya, na hiyo nayo ikangojwa.

Mwalimu alikuja wakati wa likizo ya shule, ameshikwa mkono na dada yake, na hakuingia. Alisimama barazani. Dada mkubwa akatanguliza pua, akavuta hewa hadi mabega yakapanda, akashusha. "Soksi zimehama," alitangaza.

Mwalimu aliingia polepole. Alisimama mbele ya lile tundu lenye wavu, akaweka kiganja. Alifika chumbani, akatazama ukuta mpya, mweupe, na kitanda kilichorudishwa na godoro jipya. Kisha akageuka.

"Tokeni," alisema. "Wote. Na mfunge mlango."

"Mwalimu, si lazima ufunge..."

"Fundi. Funga."

Alifunga. Akabaki nje ya mlango wa chumba, paji la uso kwenye mbao, shemeji yake pembeni akishikilia mkufu. Nje malori yalipita, moja, jingine, bila sauti. Fundi alisikiliza kama alivyosikiliza milango maisha yake yote, ila safari hii aliomba asikie kitu kikipita. Chini ya mlango, hewa ilimgusa vidole vya miguu. Kikohozi hakikuja. Alisubiri kije. Kimya kilirefuka mpaka akaogopa, mkono ukaenda kwenye kitasa, dada mkubwa akamkamata.

"Mwache," alimnong'oneza.

Ndipo ndani wakasikia kitanda kikilia, mtu anajilaza. Kisha sauti ya Mwalimu, ile ya uwanjani, ile ya kuita watoto kutoka upande wa pili:

"Fundi! Mto wangu uko kwa dada. Kaulete kabla sijalala bila mto!"

Alikuwa ameshatoka mlangoni kabla hajamaliza, mwepesi kama kijana, na shemeji yake akimfuata nyuma akipiga kelele kwamba hajachukua ufunguo, nyumbani kwa dada hakuna mtu wa kumfungulia, atavunja nini huko!